"Mtandao Haupo": Kulifuata Tatizo la Tehama Ofisini Hadi Lilikoanzia

Simu ya kwanza huingia kabla sijaweka begi chini. "Kaka wa IT, mtandao haupo huku." Anayepiga yuko uhasibu, na kwake "mtandao" ni chochote kilichogoma asubuhi hiyo. Huenda intaneti imekatika kweli, huenda printa imeishiwa karatasi, huenda nywila ya mfumo wa mishahara imemtoka kichwani. Simlaumu. Mimi nami nikipeleka gari gereji nasema tu "inagonga huku mbele", halafu namwachia fundi atafute.

Mwongozo huu nimeupanga kwa malalamiko yenyewe, jinsi yanavyotamkwa, kwa kuwa ndiyo unayoanza nayo. Unamfaa zaidi anayebeba tehama ya taasisi ya watu ishirini hadi mia mbili hivi: SACCOS, shule ya bweni, zahanati, kiwanda kidogo. Mahali kama hapo mtu mmoja ndiye fundi, ndiye meneja, na ndiye anayetumwa kununua wino. Nilichelewa kujifunza kwamba panapouma sipo palipovunjika, na palipovunjika mara nyingi ni kwenye deski la mtu ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba kitu kile ni chake.

Kabla ya kugusa chochote

Uliza kwanza. Ni wewe peke yako au na wenzako? Imeanza saa ngapi? Kioo kimeandika nini, neno kwa neno? Watu hufunga ujumbe wa kosa haraka kama wanaficha barua ya mahaba, kwa hiyo waombe waupige picha kwa simu wakutumie. Swali la mwisho ndilo zito: tangu mara ya mwisho kilipofanya kazi, nini kimebadilika?

Jibu la swali hilo huwa "hakuna". Usilikubali. Fundi wa kiyoyozi alipita jana. Meza zilihamishwa kupisha ugeni. Umeme ulikatika usiku. Mashine ilijisasisha bila kumwuliza mtu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa na Microsoft kufika milioni 8.5 duniani. Kwa saa zetu lilitoka saa 1 na dakika 9 asubuhi, likaondolewa saa 2 na dakika 27. Mashine iliyowashwa saa 3 ilipona, na ile iliyolala ikiwaka ikakutwa. Watumiaji wote wawili wangekuapia kwamba hawakugusa kitu, na wote wangekuwa wakweli.

"Mtandao haushiki"

Hesabu walioathirika. Akiwa mmoja, anza na kebo yake. Kikiwa chumba kizima, nenda kwenye swichi ya chumba hicho, kile kisanduku chenye matundu zinapokutana kebo. Wakiwa wote, nenda kwenye rauta, halafu kwa mtoa huduma. Ni rahisi kusema, lakini nimeshawahi kukaa dakika arobaini kwenye simu na mtoa huduma, nikisubiri zamu yangu, kabla ya kugundua kwamba ghorofa ya juu wanaangalia mpira kwenye YouTube bila shida.

Kisha soma anwani ya mashine inayolalamika, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Fungua dirisha jeusi la amri, andika `ipconfig`, na utazame namba. Zipo hali tatu.

Ya kwanza, anwani inaanza na 169.254. Maana yake mashine iliomba anwani, ikakosa wa kuijibu, ikajibatiza yenyewe. Kebo haijakaa vizuri, au swichi imekufa, au mgawaji wa anwani ameishiwa. Hiyo ya mwisho ina dalili yake ya pekee: waliofika ofisini saa mbili wako ndani wanafanya kazi, waliochelewa hadi saa nne hawashiki. Bosi huwa ndiye anayefika saa nne, kwa hiyo tatizo linapanda daraja haraka.

Hesabu yake ni hii. Mtandao wa kawaida wa ofisi ndogo una nafasi ya anwani 254, na rauta nyingi huja zimepangwa kugawa chini ya hizo. Mfanyakazi mmoja leo ana kompyuta, simu, na pengine kishikwambi. Mgeni wa kikao naye kapewa nywila ya Wi-Fi. Anwani hukodishwa kwa muda, na mgeni akiondoka haondoki na kodi yake. Huduma ya ugawaji ya Windows Server, usipoibadilisha, hukodisha kwa siku 8. Semina ya watu sitini ya Jumatatu inaweza kuwanyima wahasibu anwani hadi Jumanne ya wiki inayofuata.

Wengi huzima rauta na kuiwasha. Orodha ya waliokodishiwa inafutika, watu wanashika, fundi anashukuriwa kwa soda. Kesho saa nne simu zinarudi. Dawa ni kuwatenga wageni kwenye mtandao wao wenye safu yake ya anwani, na kufupisha ukodishaji wao uwe saa mbili au tatu.

Ya pili, anwani ipo ila si ya kwenu. Ofisi yenu inatumia namba zinazoanza na 10, mashine inaonyesha 192.168.0 kitu fulani. Hapo kuna rauta ya mtu. Kaileta kutoka nyumbani, kachomeka kebo ya ukutani kwenye tundu lisilo lake, na sasa rauta ile inagawa anwani kwa kila anayeomba karibu yake. Anayewahi kujibiwa na rauta halali anafanya kazi, anayewahi kujibiwa na ile ya mgeni anapotea. Ndiyo maana tatizo linaruka meza hadi meza bila mpangilio.

Kuikamata, andika `arp -a` kwenye mashine iliyopotea, nakili anwani ya kiwandani (MAC) ya lango lake, yaani rauta inayoitolea nje, kisha itafute kwenye orodha ya matundu ya swichi. Kama swichi yenu ni ya bei ya chini isiyo na orodha, njoo Jumamosi uchomoe kebo moja moja. Niliyoikamata mimi ilikuwa chini ya meza, nyuma ya katoni ya karatasi za A4, inapepesa taa zake za kijani kwa amani kabisa. Nilipanda na hasira. Mwenye meza akanifungulia simu yake akanionyesha ujumbe aliotutumia miezi miwili nyuma kwamba Wi-Fi haifiki kona ile, na chini yake ujumbe wa kukumbushia. Hatukujibu wowote. Basi alijijibu. Tangu hapo kila rauta ya magendo ninayoikuta naichukulia kama barua ya maombi iliyochelewa kusomwa, na kazi haiishi kwa kuichomoa. Inaisha siku Wi-Fi inapofika kona ile.

Ya tatu, anwani ni sahihi kabisa na bado hakuna kinachofunguka. Andika `ping 8.8.8.8`, amri ya kubisha hodi kwa seva ya Google iliyo nje. Namba ikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina, njia ipo na kilichokufa ni DNS, yule anayetafsiri majina kuwa namba. Namba isipojibu lakini lango lenu linajibu, tatizo liko ng'ambo ya ukuta wenu, na sasa ndiyo una sababu ya kumpigia mtoa huduma.

Kuna siku inakuwa mbali kuliko hata mtoa huduma. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania, Kenya na Uganda zikasota. Ofisi kadhaa ziligundua siku hiyo kwamba watoa huduma wawili waliokuwa wanawalipa kila mwezi, mmoja akiwa wa akiba, wote walikuwa wanapita kebo zilezile. Mwulize mtoa huduma wako kwa maandishi: data yetu inapita kebo gani, na hiyo ikikatika inahamia ipi? Asipokujibu kwa majina ya kebo, hesabu kwamba una njia moja.

Kabla sijaliacha hili, kuna tatizo moja la kutisha ambalo tiba yake ni sekunde tatu. Ofisi nzima imezimika kwa mkupuo, hata seva ya ndani haifikiki, na ukifungua kabati unakuta taa zote za swichi zinapepesa pamoja, haraka, kama zimepagawa. Kuna kebo ambayo ncha zake zote mbili zimeingia kwenye swichi hiyohiyo, au swichi mbili zimeunganishwa mara mbili. Ujumbe unazunguka, unazaliana, hauna pa kutokea. Mara nyingi ni mama wa usafi aliyeona ncha imening'inia baada ya kudeki, akaona aibu kuiacha hivyo, akairudisha kwenye tundu la karibu. Chomoa moja moja hadi taa zitulie. Swichi zinazosimamiwa zina kinga ya mzunguko, lakini hakikisha imewashwa. Na mama wa usafi usimfokee. Ondoa kebo zisizo na kazi, zile zinazobaki zibandike majina.

"Upo, ila unaburuta"

Pima kasi ukiwa umechomeka kompyuta moja kwenye rauta yenyewe, wengine wote wametolewa. Kasi ikiwa ndogo hapo, ni ya mtoa huduma. Ikiwa nzuri hapo na mbaya mezani, mwizi yuko ndani.

Angalia kasi ya kiungo kwenye mashine husika. Ikisema 100 badala ya 1000 (megabiti kwa sekunde), shuku kebo. Kasi ya 1000 inahitaji nyaya zote nane zilizomo ndani ya kebo, wakati 100 inaridhika na nne. Kebo iliyotafunwa na panya au kukanyagwa na gurudumu la kiti kila siku haifi. Inashuka hadi sehemu ya kumi na kuendelea kimyakimya, na hakuna anayeishuku kwa sababu "si inafanya kazi?" Na kebo ya shaba isizidi mita 100. Ile iliyovutwa kutoka jengo kuu hadi bwalo kwa kukadiria macho, ipime.

Ukiona malalamiko yanakuja Jumatano moja tu kila mwezi, tazama kalenda. Microsoft hutoa masasisho Jumanne ya pili ya mwezi, asubuhi ya kwao. Kwetu ni usiku, kwa hiyo kompyuta zote sitini zinawashwa Jumatano asubuhi na kuanza kupakua kitu kilekile kwa pamoja. Zipangie kupeana zenyewe kwa zenyewe ndani ya ofisi, au zipakue kwa zamu. Usiyazime masasisho kabisa. Kirusi cha WannaCry kilipolipuka tarehe 12 Mei 2017, kiraka chake kilikuwa kimetolewa tangu Machi, na walioumia ni wale ambao hawakukiweka.

"Kila tovuti inaniambia si salama"

Tazama saa ya kompyuta. Si saa ya ukutani, saa ya kompyuta, pamoja na mwaka. Betri bapa ya CR2032 kwenye ubao mama ikifa, kila umeme unapokatika mashine inarudi miaka nyuma, na vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika. Kwenye ofisi yenye seva ya kuingilia ya Windows, ile inayohakiki majina na nywila za wote, saa ikipishana zaidi ya dakika 5 hata kuingia kunagoma, na mtumiaji anabadilishiwa nywila mara tatu bure. Betri yenyewe inauzwa hata kwa fundi saa.

"Mfumo umeganda", nayo ni tarehe 30

Watu wanaposema mfumo umeganda, jua kwanza kama umeganda kwa wote, na kama umeganda kwa kusoma au kwa kuhifadhi. Tofauti hiyo inaokoa nusu siku.

Ukiwa mzito kwa wote mwisho wa mwezi tu, mtafute anayetoa ripoti. Mara nyingi mtu mmoja ameomba taarifa ya mwaka mzima saa tano asubuhi, wakati dirishani wanachama wamepanga foleni wanaweka akiba. Ripoti inashikilia majedwali, na stakabadhi zinasubiri nyuma yake. Kuongeza kumbukumbu kwenye seva kunapunguza maumivu kidogo. Kuhamishia ripoti nzito baada ya saa za kazi, au kwenye nakala ya pembeni ya kanzidata, kunayaondoa. Uamuzi huo wa ratiba hauko mikononi mwa IT. Ni wa mkuu wa fedha, na yeye ndiye wa kuutangaza. Nilipoutangaza mimi, ulidumu mwezi mmoja.

Kukiwa na kusoma lakini hakuna kuhifadhi, yaani unaona salio la mwanachama ila ukibonyeza "hifadhi" linakuja kosa, angalia nafasi. Diski ya seva imejaa? Kwenye SQL Server, programu ya Microsoft ya kutunza kanzidata, daftari la miamala hukua bila kikomo kama kanzidata imewekwa kwenye hali ya kuhifadhi kila kitu na hakuna anayechukua nakala ya daftari hilo. Nimekuta kanzidata ndogo inayosindikizwa na daftari lililoizidi mara nyingi kwa ukubwa. Usilifute faili hilo kwa mkono. Chukua nakala yake kwa njia halali, kisha lipunguze.

Diski ina nafasi na bado hairuhusu? Uliza toleo. Mifumo mingi iliyouzwa kwa taasisi ndogo imekaa juu ya SQL Server Express, ambalo ni la bure, na kuanzia toleo la 2008 R2 hadi la 2022 kanzidata moja haiwezi kuzidi GB 10. Ikifika hapo haipunguzi mwendo wala kutoa onyo ambalo karani atalielewa. Inagoma tu, nayo hupenda kugoma siku yenye shughuli nyingi, kwa sababu ndiyo siku inayoijaza.

Hapa shinikizo litakuwa "futa za zamani". Kataa. Hizo za zamani ndizo mkaguzi atakazoziomba. Chunguza kilichoijaza. Kwenye mfumo mmoja niliokutana nao, miamala ya miaka yote ilikuwa sehemu ndogo. Kilichojaa ni picha za vitambulisho vya wanachama, zilizoskaniwa kwa ubora wa kuchapisha bango na kuhifadhiwa ndani ya kanzidata. Picha zikahamishiwa kwenye folda ya seva, kanzidata ikabaki na njia ya kuzifikia. Pale ambapo miamala yenyewe ndiyo imejaa, inabidi kulipia leseni, na hilo liingie kwenye bajeti mapema, kanzidata ikiwa GB 7. Ikifika 9.9 utakuwa unaomba fedha huku foleni imefika getini.

Kuna ndugu yake mkimya zaidi. Faili la Excel la aina ya zamani, lenye mwisho wa .xls, linaishia mstari wa 65,536. Ukiliingizia data zaidi ya hapo, zinazobaki zinaachwa nje. Mwaka 2020 Uingereza ilikosa kuripoti kwa wakati wagonjwa 15,841 wa korona kwa sababu ya kikomo hicho. Kama taasisi yako inahamisha orodha kati ya mifumo kwa Excel, hesabu mistari kabla na baada.

"Barua pepe hazifiki"

Tovuti na barua pepe zikifa asubuhi moja, usianze na seva. Angalia kama jina la kikoa, lile jina la tovuti yenu mnalolilipia, limeisha muda. Ukikuta limeisha, utagundua jambo la pili: taarifa za kulipia zilikuwa zinatumwa kwenye barua pepe binafsi ya kijana aliyetengeneza tovuti, na kijana alishahamia mkoa mwingine. Kikoa kisajiliwe kwa jina la taasisi, na anwani ya mawasiliano iwe ya cheo, si ya mtu. Tena isiwe anwani iliyo kwenye kikoa hichohicho, maana kikifa taarifa inakufa nacho.

Zikiwa zinafika ila kwenye kapu la taka la mpokeaji, angalia rekodi za SPF na DKIM, zinazomthibitishia mpokeaji kwamba aliyetuma ameruhusiwa nanyi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji. Kawaida kilichosahaulika ni mfumo wa mishahara au wa ada, unaotuma kwa jina lenu bila kuandikwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa.

Lakini lalamiko la kuogopa kuliko yote halifiki IT kabisa. Linafika ununuzi: "Mzabuni anadai hajalipwa, nasi tumelipa." Mmelipa akaunti mpya, ile iliyokuja kwa barua pepe. Mpigie benki sasa hivi, kabla ya kuandika ripoti, kabla ya kikao. Halafu fungua kisanduku cha barua cha aliyelipa uangalie kanuni za kupanga barua. Wadukuzi wakishaingia hutengeneza kanuni inayohamishia barua za mzabuni kwenye folda asiyoifungua mtu, ili majibu halisi yasionekane. Futa kanuni, ondoa vifaa vyote vilivyoingia, badili nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili. Badiliko lolote la akaunti ya malipo lithibitishwe kwa simu, kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani. Namba iliyoandikwa chini ya barua ile itapokelewa vizuri sana, na sauti itathibitisha kila kitu.

"Bakapu ipo"

Tatizo hili halina dalili. Lina sentensi tu, nayo husemwa kwa kujiamini.

Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ambayo kazi yake ni kutunza kazi za wanaprogramu wengine, alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe usiku akiwa amechoka. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala na kunakili. Hakuna hata moja iliyowafaa kama walivyotarajia. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine, na data ya saa hizo sita ikapotea. Waliyaeleza hayo hadharani wao wenyewe, jambo ambalo wachache wangelifanya.

Kwa hiyo usiulize kama bakapu ipo. Uliza mara ya mwisho ilifunguliwa lini, na nani, na ilichukua muda gani. Kila miezi mitatu mwombe mtu asiye wa IT, dada wa masijala kwa mfano, achague faili lolote la mwezi uliopita, nawe ulirudishe mbele yake. Likikushinda, huna bakapu.

Angalia pia inakaa wapi. Diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva mwaka mzima itafungwa na kirusi cha fidia, kile kinachofunga mafaili na kudai malipo, pamoja na seva yenyewe. Kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo, bado haijapata mpinzani. Mimi nasisitiza neno moja: moja iwe imechomolewa. Kampuni ya meli ya Maersk iliposhambuliwa na kirusi cha NotPetya mwezi Juni 2017, ililazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Seva zake za kuingilia dunia nzima zilikuwa zinanakiliana, kwa hiyo zilikufa pamoja. Ilibaki moja tu, katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko wakati wa shambulio. Kukatika umeme kuliwafanyia kazi ambayo ratiba ya bakapu ingepaswa kuifanya.

"Mbona huyu bado yumo?"

Aliacha kazi Machi, na Septemba akaunti yake bado inafungua mafaili. Chanzo ni kwamba rasilimali watu walimwandalia barua, fedha wakamlipa stahiki, stoo wakapokea laptop, na hakuna aliyeiambia IT. Fomu ya kukabidhi ofisi iwe na mstari wa IT, na malipo ya mwisho yasitoke bila sahihi hiyo. Kisha kila mwezi linganisha orodha ya mishahara na orodha ya akaunti. Ni dakika ishirini. Mara ya kwanza utakuta hata akaunti inayoitwa "field2", ambayo hakuna anayejua ni ya nani na watu wanne wana nywila yake.

Tanzania Bara, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya wana yao tangu 2019. Taarifa za wanachama zikivuja kupitia akaunti ya mtu aliyeondoka, anayeulizwa ni taasisi.

Umeme

Kwa kifupi. UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, ikilia na kuzima hapohapo ina betri zilizochoka. Za madini ya risasi hudumu miaka mitatu hadi mitano, na kwenye chumba chenye joto la Pwani ni pungufu ya hapo. Andika tarehe ya kununua kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwake. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS, maana ikianza kupasha joto inavuta umeme mwingi kwa ghafla. Na umeme ukirudi, rauta na swichi ziwake kwanza, seva ifuate.

"Ni lilelile la wiki iliyopita"

Nina daftari la kawaida la kurasa mia mbili, safu tano: tarehe, nani, amesema nini, nilifanya nini, na safu nyembamba ya siku ya wiki. Ile ya siku niliiongeza kwa bahati tu, na ndiyo imenilipa zaidi.

Printa ya stoo ilikuwa inagoma. Kila ilipogoma nilishuka, nikaiondoa kwenye kompyuta ya dada wa stoo, nikaiweka upya, ikachapa, nikapanda. Nilidhani ni programu yake mbovu, nikafikia kuomba printa mpya. Siku moja nikipekua daftari nikakuta stoo, stoo, stoo, zote Jumatatu. Nikashuka Ijumaa jioni. Mlinzi alikuwa anazima soketi zote za stoo kwa ajili ya usalama wa wikiendi, kama alivyoagizwa. Printa ikilala siku mbili, anwani yake inaisha muda, inapewa simu ya mtu mwingine, na Jumatatu kompyuta inapeleka hati ya kupokelea mzigo kwenye simu ya dereva.

Niliitengea printa anwani yake ya kudumu kwenye rauta. Ilichukua dakika kumi, pamoja na kutafuta nywila ya rauta. Dada wa stoo akachapa karatasi ya majaribio, akaitazama, akaniuliza, "Sasa kaka, hii kazi ndiyo tuliyoianza Februari?"